Namna ya Kuufungua Mtandao wa Adihoki Uliosongamana: Mwongozo kwa Mafundi wa Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi wa Oktoba, mtandao ambao tangu masika ulikuwa ukifanya kazi bila malalamiko huanza kugoma ndani ya wiki moja. Vituo ni vilevile, antena ni zilezile, na kifurushi cha intaneti kimelipiwa. Kilichobadilika ni kwamba kwenye ghala la chama cha msingi sasa kuna mizani mbili zinazotuma uzito wa kila gunia, karani anayeingiza majina ya wakulima, simu janja za watu waliokaa chini ya mwembe wakisubiri zamu, na pengine kamera mpya ya langoni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi anayepigiwa simu siku hiyo na kuambiwa, "Fundi, mtandao umekufa tena."

Ninaposema mtandao wa adihoki nina maana ya mtandao wa redio ambao vituo vyake hupelekeana data moja kwa moja na kupokezana, kila kimoja kikiwa mtumaji, mpokeaji na mpitishaji wa data za wenzake, bila mnara wala kituo kikuu kinachogawa zamu. Kwa sehemu kama vijiji vya uwanda wa Makonde, ambako ofisi ya chama, ghala, zahanati na shule vimetawanyika kati ya mashamba ya mikorosho na modemu inayoshika vizuri ni moja tu, mpangilio huu ni wa gharama nafuu na hufanya kazi vyema. Nachukulia kwamba ruta zako zinatumia OpenWrt au mfumo mwingine wa Linux, na kwamba njia zinatafutwa na batman-adv, OLSR au kiwango cha 802.11s. Amri nitakazozitaja ni za mifumo hiyo.

Kinachokwisha ni muda wa hewani

Mteja hulalamikia kasi, na fundi naye hukimbilia kutafuta kasi. Lakini katika chaneli moja ya redio kinachogombaniwa si kasi, ni muda. Kituo kimoja kinapotuma, wote wanaokisikia hulazimika kunyamaza, na sekunde iliyotumika hairudi. Ukilishika jambo hili, karibu kila hatua inayofuata utaweza kuibuni mwenyewe.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila kituo husikiliza kabla ya kutuma. Kikikuta hewa iko kimya hungoja kidogo, kisha hujichagulia namba ya bahati nasibu kati ya 0 na 15, huhesabu vipande vidogo vya muda hadi sifuri, ndipo hutuma. Mpokeaji akiipata pakiti, yaani kipande cha data kilichotumwa, ikiwa salama hurudisha risiti papo hapo. Risiti isipofika, mtumaji huchukulia kwamba pakiti yake imegongana na nyingine, hupanua wigo wa bahati nasibu kuwa 0 hadi 31, kisha 63, na kuendelea hivyo hadi 1023, huku akirudia kutuma ileile. Ni kama baraza lisilo na mwenyekiti: wazee watatu wakiwa na adabu mazungumzo huenda vizuri, lakini wakifika ishirini, muda mwingi huishia katika kukatizana na kuombana radhi.

Sasa tazama bei ya pakiti moja. Pakiti ya baiti 1500 ni biti 12,000. Kwa kasi ya redio ya megabiti 54 kwa sekunde, biti hizo hupita hewani kwa takriban milisekunde 0.22. Kwa kasi ya megabiti 1, ambayo ndiyo ya chini kabisa katika bendi ya gigahezi 2.4, huchukua milisekunde 12. Ukiongeza muda wa kusubiri, utangulizi wa pakiti na risiti, bado pakiti moja ya kituo kilicho mbali hula hewa ambayo kituo cha karibu kingeitumia kutuma pakiti zaidi ya thelathini. Kwa kuwa utaratibu wa kugombea hewa huwapa wote nafasi sawa ya kutuma pakiti bila kujali kila pakiti itachukua muda gani, kituo kimoja dhaifu huwashusha wote wakakaribia kasi yake. Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu mwenye intaneti, mtafute anayeongea polepole.

Pima kabla ya kugusa

Chukua daftari. Pima mara mbili, alfajiri kabla ghala halijafunguliwa na tena saa tano asubuhi wakati foleni ya magunia imeshika kasi, kwa kuwa kipimo cha mtandao mtupu hakikuambii lolote kuhusu msongamano, ila kinakupa mahali pa kulinganishia.

Kipimo cha kwanza ni cha hewa yenyewe. Andika `iw dev wlan0 survey dump` na utafute chaneli inayotumika. Humo mna mistari miwili ya maana, mmoja wa milisekunde ambazo redio imekuwa ikisikiliza, unaoitwa "channel active time", na mwingine wa milisekunde ambazo ilikuta hewa imeshikwa, unaoitwa "channel busy time". Hesabu hizi hujilimbikiza tangu redio ilipowashwa, kwa hiyo soma mara mbili kwa nafasi ya dakika moja, toa ya kwanza kutoka ya pili, kisha gawanya muda wa kushikwa kwa muda wa kusikiliza. Kwa uzoefu wangu, ikipita nusu, watumiaji wanaanza kuhisi. Ikikaribia robo tatu, mizani zinaanza kukata.

Kipimo cha pili ni cha kila jirani. Amri ya `iw dev wlan0 station dump` huorodhesha vituo vinavyosikika moja kwa moja, nguvu ya mawimbi ya kila kimoja, kasi ya redio inayotumika kukipelekea data, na idadi ya pakiti zilizorudiwa. Kituo chenye kasi ndogo na marudio mengi ndicho mshukiwa wako. Kipimo cha tatu ni cha kasi halisi kati ya vituo viwili, na hapa `iperf3` inatosha. Anayetumia batman-adv anaweza pia kutumia `batctl tp` na kuipa anwani ya kituo cha upande wa pili. Wakati huo acha dirisha jingine likipiga `ping` mfululizo, uone ucheleweshaji unavyopanda mtandao ukibanwa.

Nieleze kisa kimoja kinachonionya hadi leo. Katika ghala moja la Tandahimba nilishinda siku nzima nikibadilisha mipangilio ya modemu, kwa sababu kila aliyekuwepo, kuanzia katibu hadi mlinzi, alikuwa na hakika kwamba tatizo ni modemu. Jioni, kwa uchovu zaidi kuliko kwa akili, nikafungua orodha ya vituo kwenye ruta ya ghala. Kamera ya langoni, iliyofungwa nyuma ya mkorosho uliojaa majani, ilikuwa ikirusha picha za video mchana kutwa kwa kasi ya redio ya megabiti 1, huku nusu ya pakiti zake zikirudiwa. Nikaichomoa. Karani wa mizani, bila kujua nilichofanya, aliinua kichwa akasema, "Fundi, imerudi." Kesho yake tulivuta kebo ya mita thelathini kutoka ghalani hadi langoni, na kamera ikaondoka hewani moja kwa moja. Kebo ya kawaida ya mtandao hufika hadi mita 100, na kila kifaa kisichotembea ambacho kebo inaweza kukifikia hakina sababu ya kuwa kwenye redio. Hii ndiyo hatua ya kwanza ya tiba, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, ingawa haina ufundi wa kujivunia.

Zima kasi za zamani

Hatua ya pili huchukua dakika kumi. Bendi ya 2.4 bado imebeba kasi za megabiti 1, 2, 5.5 na 11, ambazo ni urithi wa kiwango cha 802.11b cha mwaka 1999. Kuziacha kunaleta hasara ya aina mbili. Ya kwanza tumekwisha iona: kifaa kilicho mbali hushuka hadi megabiti 1 badala ya kukatika na kutafuta kituo kilicho karibu nacho zaidi. Ya pili imejificha, nayo ni matangazo.

Kila kituo hujitangaza takriban mara kumi kwa sekunde, na tangazo hutumwa kwa kasi ya chini ya lazima. Tangazo la baiti 250 kwa megabiti 1 huchukua milisekunde 2 na zaidi kidogo, yaani asilimia 2 ya hewa yote kwa kila jina la mtandao. Ukiwa na vituo kumi vinavyosikiana, kila kimoja kikitangaza majina mawili, moja la vituo vyenyewe na jingine la simu, zaidi ya asilimia 40 ya hewa imekwenda kabla mtu yeyote hajatuma hata neno. Ukipandisha kasi ya chini hadi megabiti 6, mzigo huohuo hushuka hadi kiasi cha asilimia 7.

Kwenye OpenWrt, weka `legacy_rates` iwe 0 katika mipangilio ya redio, na `mcast_rate` ya mtandao wa vituo iwe 12000, maana yake megabiti 12 kwa sekunde. Hiyo ya pili inahusu pakiti zinazotumwa kwa wote, ambazo hazina risiti wala marudio na ambazo itifaki za kutafuta njia huzitumia kwa wingi. Punguza pia majina ya mtandao: jina la wageni, jina la ofisi na jina la majaribio aliloliacha fundi aliyetangulia, kila moja linakula asilimia zake. Muda kati ya matangazo unaweza kuongezwa kutoka 100 hadi 200 kwa kutumia `beacon_int`, na sijaona simu iliyolalamika kwa hilo.

Tahadhari: kabla ya kuzima kasi za zamani, hakikisha hakuna kifaa kikuukuu kinachozitegemea. Vifaa vya kutuma uzito wa mizani hudumu miaka mingi, na baadhi yake havijui lugha nyingine. Kifaa cha aina hiyo kipe kebo, au kipe ruta yake ndogo kwenye chaneli nyingine.

Chaneli, nguvu, na mikorosho

Katika bendi ya 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu, yaani 1, 6 na 11, kwa upana wa megahezi 20. Usishawishike na upana wa megahezi 40 kwenye bendi hii. Niliwahi kuuweka nikidhani naongeza njia ya pili barabarani, kumbe nilikuwa nimejitanua juu ya majirani wote wa pande mbili, na kila aliyekuwa akiongea katika chaneli hizo akawa ananinyamazisha. Chaneli ya 3 au ya 8 nayo si ujanja. Vituo vilivyo kwenye chaneli ileile husikiana na kupeana zamu, lakini vilivyo kwenye chaneli zinazopishana nusu husikiana kama kelele tu, na kelele haipeani zamu na mtu.

Kuhusu nguvu, mazoea yetu ni kuipandisha hadi mwisho. Katika mtandao uliosongamana mara nyingi dawa ni kuishusha. Vituo viwili vilivyo umbali wa mita 80 havihitaji kusikika kilomita moja. Vikisikika huko vinawanyamazisha watu wasiohusika. Jaribu `iw dev wlan0 set txpower fixed 1500`, ambayo ni sawa na desibeli-miliwati 15, kisha soma tena nguvu ya mawimbi kwa majirani unaowahitaji. Ikibaki nzuri kuliko −65, yaani karibu zaidi na sifuri, shusha zaidi. Viungo vya mbali viachie antena za kuelekeza, ambazo hupeleka nguvu upande mmoja na kusikiliza upande huohuo. Vyovyote iwavyo, jumla ya nguvu na antena isizidi kikomo kilichowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa bendi zisizohitaji leseni.

Halafu kuna miti. Mawimbi hayapiti kwenye uzi mwembamba kati ya antena mbili; yanahitaji nafasi yenye umbo la yai refu, ambayo katikati ya kiungo cha kilomita 1 kwa gigahezi 2.4 ina nusu kipenyo cha mita 5.6. Angalau asilimia 60 yake, yaani mita 3.4 hivi, inapaswa kuwa wazi chini ya mstari wa kuonana. Mkorosho mkubwa hufika mita 10 na zaidi, na majani yake hayapukutiki yote kwa pamoja, kwa hiyo antena iliyofungwa kwenye paa la ofisi inapiga ndani ya majani mwaka mzima. Majani yakilowa mvua ya Januari, hali inakuwa mbaya maradufu, kwani maji hunyonya mawimbi. Kiungo kilichopimwa Septemba kikaonekana kizuri huweza kuanza kurudia pakiti wakati wa mvua, na marudio hayo ndiyo yanayoonekana na watumiaji kama msongamano. Pandisha mlingoti juu ya miti, au zunguka kwa kituo cha kati kilicho mahali pa wazi. Ukingo wa uwanda pale Newala, unaotazama bonde la Ruvuma, ni zawadi kwa mwenye antena. Chini bondeni utatoka jasho.

Pwani, kwa mfano Mikindani au Kilwa, adui ni wengine. Minazi huyumba upepo wa kusi unapovuma na kiungo huwaka na kuzima kama taa yenye waya mbovu, na hewa ya chumvi hula viunganishi vya antena. Funga viunganishi kwa utepe wa mpira unaojigandamiza wenyewe, na vifungue kila mwaka uone kama kuna kutu ya kijani.

Jambo jingine la umbali ambalo husahaulika ni muda wa kungoja risiti. Mawimbi husafiri mita 300 kwa maikrosekunde moja, hivyo kwenda na kurudi kwa kiungo cha kilomita 3 kunaongeza maikrosekunde 20. Ruta ikiwa imepangwa kwa umbali wa ndani ya nyumba hukata tamaa kabla risiti haijafika, na kurudia pakiti ambayo kumbe ilishapokelewa. Weka `distance` kwa mita, ukizidisha kidogo kuliko umbali halisi wa kituo cha mbali zaidi. Ukizidisha mno nako kuna hasara, kwa sababu pakiti iliyopotea kweli itasubiriwa bure.

Vituo visivyosikiana

Utaratibu wa kusikiliza kabla ya kusema una udhaifu mmoja mkubwa: anayesikiliza ni mtumaji, ilhali mgongano hutokea kwa mpokeaji. Chukua ghala lililo katikati, zahanati ikiwa upande wa mashariki na shule upande wa magharibi, na jengo la ghala lenyewe, la bati tupu, likizuia mawimbi kati yao. Zahanati husikiliza, huona kimya, hutuma. Shule nayo husikiliza, huona kimya, hutuma. Antena ya ghala hupokea vurugu.

Ili kuthibitisha, pima kasi kutoka zahanati hadi ghalani peke yake, kisha shule hadi ghalani peke yake, kisha zote mbili kwa wakati mmoja. Vituo vinavyosikiana vitagawana, na jumla yao itabaki karibu na ile ya kituo kimoja. Visivyosikiana, jumla itaporomoka, na kimoja huweza kuzimwa kabisa na mwenzake.

Dawa ya programu ni kuviamuru vituo viombe ruhusa. Mtumaji hutoa ombi fupi lenye muda anaouhitaji, mpokeaji hujibu kwa ruhusa fupi yenye muda huohuo, na kila anayeisikia ruhusa, hata kama hakulisikia ombi, hunyamaza hadi muda uishe. Amri ni `iw phy phy0 set rts 500`, yaani pakiti zinazozidi baiti 500 ndizo zitakazoombewa ruhusa. Iweke kwenye vituo vya pembeni visivyosikiana. Ghala, ambalo linasikiwa na wote, halina haja nayo. Usiiweke kila mahali kwa sababu tu umesikia ni nzuri, kwani maombi na ruhusa nazo zinakula hewa. Pima kabla na baada, na isipoleta nafuu, iondoe.

Miruko na njia

Pakiti inayopitia vituo vya kati kwenye chaneli moja hulipiwa hewa kila mruko, yaani kila inapotoka kituo kimoja kwenda kingine. Miruko miwili hubakiza nusu ya kasi, mitatu theluthi, na katika mnyororo mrefu hesabu ya nadharia hutulia kwenye robo hivi, kwa kuwa vituo vilivyo mbali vya kutosha vinaweza kutuma kwa pamoja bila kusumbuana. Uwanjani hupati hata hiyo. Mwaka 2000 watafiti Gupta na Kumar walionyesha kwa hesabu kwamba katika mtandao wa aina hii fungu la kila kituo hupungua kadiri vituo vinavyoongezeka, hata mpangilio ukiwa bora kabisa. Kuongeza vituo kwenye chaneli ileile ili "kuupa mtandao nguvu" ni kosa ambalo nimelikuta mara nyingi kuliko jingine lolote.

Njia ya kutokea ni redio mbili kwa kila kituo. Viungo kati ya vituo viende kwenye bendi ya gigahezi 5, simu na kompyuta zibaki kwenye 2.4. Kama njia kuu ina miruko mingi, miruko inayofuatana iwe kwenye chaneli tofauti, ili kituo cha kati kiweze kupokea kwa sikio moja huku kikisema kwa mdomo mwingine. Gigahezi 5 haivumilii majani hata kidogo, kwa hiyo yale ya milingoti yanarudi hapa kwa ukali zaidi.

Halafu angalia njia zinavyochaguliwa. Kuhesabu miruko peke yake ni kipimo kibaya, kwa sababu hupenda mruko mmoja mrefu na mbovu kuliko miwili mifupi na mizuri. Kipimo cha ETX, kilichotolewa na watafiti wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2003, hukadiria pakiti itabidi itumwe mara ngapi hadi ipokelewe na risiti irudi: unachukua 1 na kuigawanya kwa zao la uwezekano wa kufika na uwezekano wa risiti kurudi. Kiungo kirefu kinachofikisha asilimia 60 kila upande kina gharama ya 2.8. Viungo viwili vinavyofikisha asilimia 95 kila upande vina gharama ya 1.1 kila kimoja, jumla 2.2. Njia ya miruko miwili ndiyo ya bei nafuu. Kasoro ya ETX ni kwamba pakiti zake za kupimia ni ndogo na hutumwa kwa kasi ya chini, hivyo kiungo kinaweza kufaulu mtihani na kushindwa kazi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kupandisha `mcast_rate`: mtihani ufanane na kazi. Wenye batman-adv wanaweza kuhamia BATMAN_V, inayopima njia kwa kasi badala ya upotevu, ila ni lazima vituo vyote vihame pamoja kwa kuwa haielewani na BATMAN_IV. Na kama vituo vyako vimefungwa kwenye milingoti na haviendi popote, hakuna haja ya kutangaza njia kila sekunde. Amri ya `batctl it 5000` hufanya iwe kila sekunde tano.

Foleni ndefu ni ugonjwa

Hewa ikishatulia, kinachobaki mara nyingi ni ucheleweshaji, na chanzo chake ni foleni ndani ya ruta zenyewe. Chukua foleni ya pakiti 1000 za baiti 1500, jumla megabiti 12. Ikiwa kiungo cha kutokea kina megabiti 1 kwa sekunde, pakiti ya mizani inayofika mwisho wa foleni hiyo hukaa sekunde 12 kabla ya kutoka. Programu ya mizani haingoji sekunde 12. Hukata, huunganisha upya, hutuma tena, na kuiongeza foleni ileile.

Kwenye kila ruta thibitisha kwamba `fq_codel` inatumika. Utaratibu huu, uliochapishwa mwaka 2018 katika waraka wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 8290, hutenganisha foleni kwa kila mazungumzo, hivyo pakiti moja ya mizani haikai nyuma ya video ya mtu, na pakiti zikianza kukaa zaidi ya milisekunde 5 mfululizo hudondosha chache mapema ili watumaji wapunguze mwendo. Kwenye ruta iliyounganishwa na modemu, weka `cake`, utaratibu mwingine wa kupanga foleni, na kikomo cha kasi cha asilimia 85 hivi ya kile unachopima saa za msongamano, kwa kupakia na kwa kupakua. Unajinyima kasi kidogo ili foleni ikae mahali unapoiongoza wewe, isikae ndani ya modemu ambayo huna mamlaka nayo.

Kuhusu TCP, itifaki inayosimamia mwendo wa kutuma data za intaneti, nitasema machache. Huchukulia kila upotevu kuwa msongamano na hupunguza mwendo, hata pale pakiti ilipopotea kwa sababu ya mkorosho. Mafundi hupenda kubadilisha aina yake, kutoka `cubic` kwenda `bbr`, wakitarajia muujiza. Ukishapunguza marudio ya redio na kufupisha foleni, tofauti iliyobaki ni ndogo. Ukianza na TCP, unapaka rangi nyumba inayovuja.

Mwisho ni mazungumzo na wenye mtandao, na haya hayana amri ya kuandika. Kumbukumbu ya gunia moja ni baiti mia chache. Kama programu ya mizani inaruhusu, zikusanywe kwenye kompyuta ya ghala na kutumwa kwa mafungu kila dakika, badala ya kila gunia kufungua muunganisho wake. Masasisho ya kompyuta na nakala za hifadhi zipangwe saa nane usiku. Simu za wageni zipewe chaneli yake na kikomo chake. Ukizizuia kabisa, vijana watapata nywila ya ofisi kabla ya adhuhuri.

Badilisha kitu kimoja kwa siku, hifadhi nakala ya mipangilio kabla ya kukigusa, na andika kipimo cha saa tano asubuhi chini ya kile cha jana. Ukiona hewa imeshuka chini ya nusu na pakiti za mizani zinarudi kwa milisekunde chini ya mia, funga kompyuta. Na ikiwa umefuata yote na hewa bado imejaa, mtandao huo umekuwa mkubwa kuliko chaneli yake. Ukate katikati, kila nusu iwe na chaneli yake, na uziunge kwa kiungo kimoja cha gigahezi 5 juu ya paa la ghala, mahali ambapo utahitaji ngazi ya mita sita na mtu wa kuishikilia.